Ukitaka Kupiga Picha za Rali, Jua Kwanza pa Kusimama



Vijana wengi wanaokulia kando ya barabara za vumbi zinazopitiwa na magari ya mashindano huwa na ndoto moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kuliendesha lile gari. Ya pili ni kulipiga picha, ile picha inayotoka gazetini: magurudumu yote manne yako hewani na vumbi limesimama nyuma kama ukuta. Ndoto ya kwanza inataka mamilioni ya pesa. Ya pili inawezekana hata kwa mtoto wa mkulima au wa mchungaji wa ng'ombe, mradi ajue mambo mawili: gari litapita wapi, na gari likikosea litaenda wapi. Jambo la kwanza litakupa picha. La pili litakurudisha nyumbani. Leo tuyazungumze yote mawili.

RALI NI NINI HASA?

Kwenye rali magari hayakimbizani bega kwa bega. Kila gari huondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia, na hushindana na saa. Ndani mna watu wawili: dereva, na mwelekezi anayemsomea kona zote kutoka kwenye daftari. Kipande cha barabara kinachofungwa kwa ajili ya mbio huitwa steji.

Safari Rally yetu ilianza mwaka 1953, ikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, tena kwenye barabara zilizo wazi. Dereva aliweza kupinda kona akakutana na lori, ng'ombe au twiga! Timu kubwa zilikuwa zikirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva. Wenyeji walitamba sana: Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Ilirudi mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha, kwenye steji fupi zilizofungwa. Hakuna tena lori la kukutana nalo. Lakini kuna jambo jingine: maelfu ya watu hukusanyika pale pale ambapo gari linapita kwa kasi kubwa kuliko kote. Na wewe mwenye kamera utataka kuwa mbele ya wote. Hapo ndipo penye kazi.

UNA MTAJI TAYARI

Labda unasema, "Mimi sina kamera, nitaanzaje?" Subiri kidogo. Kama umekulia karibu na barabara hizi, una kitu ambacho mpiga picha aliyetoka Ulaya hana, na hawezi kukinunua dukani.

Wewe unajua kwamba vumbi la Naivasha ni laini kama unga, na kwamba chini yake huwa kuna mawe yaliyojificha. Waendeshaji huliita fesh-fesh, na linaogopwa. Unajua upepo wa asubuhi unatoka wapi na wa alasiri unageukia wapi, kwa hiyo unajua vumbi litamwangukia nani. Unajua udongo mweusi wa pamba ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Unajua ni mkondo gani wa maji hukauka na ni upi unabaki na tope. Tena, kwa kusikia tu, unaweza kujua gari liko kona ya ngapi.

Huo wote ni ujuzi wa kazi. Picha ya rali haipigwi na mtu mwenye kidole chepesi peke yake. Hupigwa na mtu aliyejua mapema gari litatokea wapi, mwanga utakuwa upande gani, na vumbi litaelekea wapi.

PICHA HUPIGWAJE?

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa hupita mita 33 kila sekunde. Ukiweka kasi ya shata sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, katika muda huo gari husogea sentimita 3 hivi tu. Picha itakuwa kali, hata mawe yanayoruka utayaona moja moja. Ukiweka sehemu 1 ya 60, gari litasogea zaidi ya nusu mita, na ukishika kamera bila kuisogeza utapata ukungu mtupu.

Lakini kuna mbinu. Ukilifuata gari kwa kamera, mwili ukizunguka taratibu kuanzia kiunoni kwa mwendo ule ule wa gari, sehemu 1 ya 60 au ya 125 itakupa gari lililo wazi na majani ya nyuma yaliyovutika kama mistari. Hapo msomaji wa gazeti anaona mwendo wenyewe. Mbinu hii haiji kwa siku moja. Jizoeze kwa kupiga pikipiki, baiskeli na matatu zinazopita barabarani kwenu, ukiwa umesimama mbali na lami. Piga mia, utapata tano nzuri. Kesho utapata kumi.

Jambo jingine ni mwanga. Wapiga picha wengi hupenda saa za asubuhi na jioni, jua likiwa chini na nyuma ya vumbi. Vumbi lile lile linalokukera saa sita mchana, saa moja asubuhi linang'aa kama dhahabu.

Usibadilishe lenzi vumbi linapotimka. Likiingia ndani ya kamera, kila picha itakuwa na madoa. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mahali pa lenzi, na usifute kioo kwa shati. Puliza vumbi kwanza, la sivyo utakikwaruza.

GARI LIKIKOSEA, HUENDA WAPI?

Hapa soma polepole. Gari lililopoteza njia haliendi popote tu. Lina tabia zake:

1. Kwenye kona, mara nyingi gari huvutwa kutoka upande wa nje, hasa mwisho wa kona pale dereva anapoongeza mafuta. Usisimame upande wa nje wa kona, hata kama picha yake inakuita.

2. Penye njia panda, gari ambalo breki zimekataa huenda moja kwa moja mbele. Usisimame kwenye ile barabara inayoendelea mbele, hata kama utepe unaonekana kukukinga. Utepe ni plastiki tu.

3. Baada ya tuta la kurukia, gari hutua mbele, na likitua vibaya hugeuka kushoto au kulia ghafla. Usikae karibu na mahali pa kutua.

4. Upande wa ndani wa kona nao si salama ukiwa chini sawa na barabara. Madereva huikata kona, na magurudumu hurusha mawe kama manati.

Sasa mtu asimame wapi? Juu. Tafuta ukingo ulioinuka, mbali na barabara, na wenye njia ya kupanda juu zaidi nyuma yako. Kabla ya gari la kwanza kupita, ifanyie majaribio hiyo njia ya kukimbilia: geuka, kimbia hatua kumi, uone kama kuna shimo au mwiba. Usikae chini, usilale, wala usigeuze mgongo magari yanapopita. Usisimame mahali ambapo nyuma yako kuna ukuta au umati uliokubana. Na msimamizi wa steji akipiga filimbi au kukuambia usogee, sogea. Mabishano mtafanya baadaye.

KAMERA HUDANGANYA JICHO

Kuna hatari ambayo mtazamaji wa kawaida hana, lakini wewe mpiga picha unayo. Ukitumia lenzi pana, ile inayoingiza vitu vingi, gari huonekana dogo na liko mbali kuliko lilivyo. Unajiambia "bado, bado", kumbe limeshafika. Ukitumia lenzi ndefu, ile ya kuvuta, unaona gari tu. Huoni jiwe lililorushwa, huoni mwenzako aliyekimbia, huoni kwamba umati wote umesharudi nyuma.

Turudi kwenye hesabu yetu. Tuseme umeshtuka, na imekuchukua sekunde moja na nusu kuelewa kinachotokea na kuanza kusogea. Kwa mwendo wa kilomita 120, gari limeshakula mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira, na wewe ndiyo kwanza unanyanyua mguu. Hakuna binadamu mwenye mbio za kushinda hesabu hiyo. Kwa hiyo usalama wako hauamuliwi gari linapokuja. Unaamuliwa pale unapochagua mahali pa kusimama.

Wapiga picha wenye uzoefu hufanya hivi: jicho moja kwenye kamera, la pili wazi. Na huenda wawili wawili, mmoja akipiga, mwingine akiangalia.

MAZOEA YANA TAABU

Tulisema kukulia kando ya barabara ni mtaji. Ni kweli, lakini mtaji huo una riba yake. Mtu aliyeona magari mia yakipita salama huanza kuamini kwamba la mia na moja nalo litapita salama. Mwaka jana alisimama hapa na hakuna kilichotokea, basi mwaka huu anasogea hatua moja mbele. Mwaka kesho, mbili.

Huko Ureno ilikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 watazamaji wa rali walikuwa wakisimama katikati ya barabara na kuruka kando dakika ya mwisho, wengine wakitaka hata kuligusa gari linapopita. Ulikuwa mchezo. Mwezi Machi 1986 dereva Joaquim Santos alijaribu kuwakwepa watu waliokuwa barabarani, gari likamshinda, likaingia kwenye umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Timu kubwa zilijiondoa kwenye mashindano yale.  Hiyo ndiyo taabu ya mazoea.

Kwa hiyo kila gari lihesabu kuwa ndilo la kwanza. Na usidhani gari la mwisho limepita kwa sababu kimya kimezidi. Subiri gari la wasimamizi linalofunga steji.

MWILI WAKO NDIO KIFAA CHA KWANZA

Kamera ikiharibika utaazima nyingine. Mapafu je?

Vumbi. Likiingia kwa wingi huwasha koo, huleta kikohozi na huamsha pumu. Vaa barakoa inayobana vizuri pande zote. Leso iliyoloweshwa ni nafuu kuliko kukaa hivi hivi, lakini haitoshi. Kama una pumu, dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, isiwe kwenye begi lililobaki garini. Jichoni vumbi likiingia usisugue. Osha kwa maji safi. Miwani ya kuziba pande zote itakusaidia.

Masikio. Wataalamu wa afya kazini wanasema sauti ya desibeli 85 mtu asiisikilize zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka desibeli 3 muda huo ugawe kwa mbili. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Ukikaa karibu na injini za mashindano, helikopta na spika za muziki kutwa nzima, usiku utasikia masikio yakilia "ngiiii". Hiyo ni dalili ya kuumia. Vizibo vya masikio ni bei ndogo, na masikio yaliyokufa hayafufuki.

Jua na maji. Steji hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, na hutaruhusiwa kutoka ovyo. Beba maji ya kutosha kutwa, chakula, kofia yenye ukingo mpana na nguo za mikono mirefu.

Usingizi na pombe. Wakati wa rali, Naivasha usiku huwa ni sherehe tupu. Sisi hatukukatazi kucheza muziki. Ila ujue kwamba pombe ya jana na usingizi wa saa mbili hupunguza wepesi wa akili leo, na umeona jinsi sekunde moja na nusu ilivyo ndefu. Ukienda, nenda na rafiki unayemwamini na mrudi pamoja. Na kama umeamua kufanya mapenzi, kondomu isikose.

Njiani. Usije ukajilinda na gari la mashindano halafu ukaumizwa na bodaboda. Usipande mkiwa watatu. Vaa helmeti na uifunge.

UTAANZIA WAPI?

Usianze na rali ya dunia. Anza na mbio ndogo za motokrosi na autokrosi, ambazo hufanyika kwenye viwanja vya udongo na huwa na watazamaji wachache. Huko madereva wengine ni vijana wenzako na wazazi wao wanatamani picha. Simu yenye kamera inatosha kujifunza namna ya kupanga picha na kusoma mwanga. Kamera ya kuazima au ya mitumba itafuata.

Baada ya kila mbio chagua picha kumi tu, zilizo bora. Andika chini ya kila moja jina la dereva, namba ya gari, mahali na tarehe. Mhariri hawezi kutumia picha nzuri isiyo na jina, lakini ya wastani iliyoandikwa vizuri na kufika mapema anaichukua. Zipeleke kwa magazeti, kwa madereva na kwa kampuni zinazowadhamini. Kabla ya kutoa picha, kubalianeni kwa maandishi: nani ataitumia, wapi, mara ngapi, na kwa shilingi ngapi. "Tutakupa jina" siyo mshahara.

Kwenye mashindano makubwa utahitaji kitambulisho cha mwanahabari kutoka kwa waandaaji, na ili usogee karibu utahitaji kizibao maalum cha wapiga picha. Waandaaji huuliza ni chombo gani kimekutuma na kazi gani umeshafanya, kwa hiyo omba mapema. Usinunue wala kuazima kizibao cha mtu. Na hata ukikipata, kizibao ni kitambaa. Hakizuii gari.

WASICHANA JE?

Kwa nini isiwe? Mwaka 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa tatu kwenye Safari Rally, akiwaacha nyuma wanaume wengi waliodhani barabara zetu si za mwanamke. Kama mwanamke aliweza kuendesha, kupiga picha kuna ugumu gani?

Lakini tuseme ukweli. Kuna watu wazima watakaokuahidi kamera, lifti au kitambulisho, halafu wadai malipo ya kitandani. Wavulana nao hufanyiwa hivyo. Hiyo si bahati, ni unyanyasaji. Kataa, ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda steji gani, na nani, na utarudi saa ngapi.

AJALI IKITOKEA MBELE YAKO

Utakuwa wewe ndiye wa karibu. Kwanza, usikimbilie barabarani: gari jingine linakuja. Mpe taarifa msimamizi. Angalia waliomo garini wanaonyesha nini. Kila gari la rali lina ishara mbili: ya OK, maana yake wako salama, na nyekundu ya SOS, maana yake msaada unahitajika haraka. Zuia watu wasilizunguke gari. Usimvute majeruhi ovyo, maana shingo yake inaweza kuwa imeumia. Isipokuwa kama kuna moto, waachie watu wa huduma ya kwanza.

Na picha je? Mtu akihitaji mikono yako, weka kamera chini. Wakishafika wanaojua kazi, piga kwa heshima. Sura ya mtu anayeumia si bidhaa, na mama yake asije akaiona gazetini kabla hajapigiwa simu.

JIPIME

Jibu ndiyo au hapana, kisha tazama majibu.

1. Utepe ulioning'inizwa na waandaaji unaweza kulizuia gari.
2. Lenzi pana hufanya gari lionekane mbali kuliko lilivyo.
3. Upande wa nje wa kona ni salama ukiwa na kizibao.
4. Masikio kulia usiku baada ya mbio ni dalili ya kuumia.
5. Ukisimama mahali palepale pa mwaka jana huna haja ya kukagua tena.

Majibu: 1 hapana, 2 ndiyo, 3 hapana, 4 ndiyo, 5 hapana.

Umepata yote matano? Vizuri sana. Jumamosi hii nenda mahali ambapo rali hupita, siku ambayo hakuna mbio. Tembea kona moja tu kwa miguu. Tafuta alama za magurudumu ya zamani, uone magari yalipita wapi na yapi yalitoka nje. Kisha tafuta mahali pa juu pa kusimama, na njia yako ya kukimbilia. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, nalo halihitaji kamera.